Fungu la Mwenzako

Yakobo 5:4 yatuonya juu ya ujira wa wavunaji uliozuiliwa. Na tujifunze kwa habari hii. Mwaka 1933 serikali ya Marekani iliwalipa wakulima waharibu sehemu ya pamba iliyoota, ili bei ipande. Fedha zilipelekwa kwa mwenye shamba; ilimpasa kuwagawia wale waliolima shambani mwake kwa kugawana mavuno. Wengi hawakupata fungu lao, wengine walifukuzwa. Basi Julai 1934, katika wilaya ya Poinsett, Arkansas, wakulima weupe na weusi walifanya chama kimoja, wadai haki yao. Nawe uliyekabidhiwa fungu la mwenzako, je, limemfikia? Mpe leo, kabla hajamlilia Bwana.