SOMO: MOSHI WA JIKONI, SAMADI YA ZIZINI, NA FEDHA ZA WAFADHILI

Ndugu Wanachama,

Somo la safari hii huenda mwanzo likaonekana liko mbali na shamba la mikarafuu, lakini tukilifuata hatua kwa hatua tutalikuta limesimama mlangoni petu. Ni khabari ya namna wakulima, serikali na wafadhili wanavyoweza kuunganisha fedha na kazi zao ili kupunguza hewa chafu zinazozidisha joto la dunia. Mfano wetu tumeuchukua Arusha, na khasa miteremko ya Mlima Meru, kwa kuwa huko kazi hii ina miaka mingi, na uzuri wake na upungufu wake vyote vimekwisha kuonekana.

Hewa zenye umri mfupi

Yafaa kwanza tujue tunapigana na nini. Hewa ya ukaa, itokayo kwenye magari, viwanda na misitu inayochomwa, ikishapanda juu hukaa karne nyingi. Lakini zipo nyingine ambazo umri wake ni mfupi. Masizi ya moshi hukaa angani siku chache tu, au wiki moja mbili. Ozoni ya karibu na ardhi hukaa wiki kadhaa. Methani, itokayo kwenye samadi, majaa, mashamba ya mpunga na matumbo ya ng'ombe, hukaa kama miaka 12. Kadhalika zimo gesi zinazotiwa katika majokofu na mashine za kupoza hewa.

Umri wao ni mfupi, lakini nguvu zao ni kubwa. Tani moja ya methani, ikipimwa kwa muda wa miaka 20, hutia joto zaidi ya tani moja ya hewa ya ukaa kwa kiasi cha mara 80. Basi hapo pana khatari na pana nafuu pia: ukizipunguza leo, faida yake utaiona wewe mwenyewe, si wajukuu peke yao. Mwaka 2011 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani yalitoa taarifa kwamba hatua 16 zinazojulikana zingeweza kupunguza ongezeko la joto kwa kiasi cha nusu digrii ifikapo 2050. Mwezi wa Februari 2012 serikali za Bangladesh, Ghana, Kanada, Marekani, Meksiko na Sweden, pamoja na shirika hilo la mazingira, ziliunda muungano wa kushughulikia jambo hili, wenye ofisi yake Paris na mfuko wa pamoja.

Ama kwa moshi wa jikoni, dhara lake halingoji joto la dunia. Shirika la Afya Duniani lakisia kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020. Wanaouvuta zaidi ni wanawake na watoto walio karibu na mafiga.

Mfano wa Meru

Katika miteremko ya Meru watu ni wengi na ardhi ni haba. Mkulima hupanda migomba na kahawa pamoja, na ng'ombe wake humfuga zizini, akimkatia majani. Kwa hiyo samadi hupatikana mahali pamoja kila siku. Ikiachwa ioze ndani ya shimo lenye maji, hutoa methani. Lakini ikichanganywa na maji na kutiwa katika mtambo uliojengwa chini ya ardhi, methani ile ile hukusanywa, ikapita katika mpira mpaka jikoni, ikawaka kwa mwali wa buluu usio na masizi. Tope linalobaki ni mbolea njema ya migomba. Ng'ombe wawili wa zizini huweza kutosha kuanzia mtambo mdogo.

Kazi hii haikufanywa na mtu mmoja. SIDO ilianza kuijaribu nchini mwaka 1975. Kwa sheria ya mwaka 1981 kiliundwa kituo cha CAMARTEC, makao yake Arusha, kwa ajili ya zana za kilimo na ufundi wa vijijini. Mwaka 1983 kituo hicho kilishirikiana na shirika la GTZ la Ujerumani kueneza mitambo ya gesi ya samadi, na ramani ya mtambo wake ikachukuliwa hata na nchi jirani.

Mwaka 2009 ulianza mpango mkubwa zaidi, wenye lengo la mitambo 12,000 katika miaka mitano. Fedha zilitoka serikali ya Uholanzi kupitia shirika la Hivos, utaalamu ukaletwa na SNV, na utekelezaji nchini ukashikwa na CAMARTEC. Mkulima alipewa ruzuku ya sehemu tu ya gharama, na iliyobaki aliitoa mwenyewe.

Mafunzo manne

Kwanza, kila mshirika alijua kazi yake. Mwenye fedha hakujifanya fundi, wala fundi hakushika mfuko. Mahali ambapo wafadhili watatu huja kila mmoja na ofisi yake, mwanachama hujazishwa karatasi tatu kwa jambo lile lile.

Pili, mkulima alitia chake. Kitu cha bure hakina mlinzi, na mtu aliyechimba shimo na kununua saruji hawezi kuuacha mtambo ufe bila ya kuuliza.

Tatu, mafundi walifundishwa katika wenyeji. Mtambo ukipasuka na fundi yuko ng'ambo, methani hupanda angani kama zamani, na gharama yote imepotea. Iko mitambo iliyosimama kwa sababu hii, na mingine kwa kukosa maji au kwa ng'ombe kuuzwa.

Nne, ruzuku ina mwisho. Fedha za mfadhili zina tarehe, lakini moshi hauna tarehe. Mpango usioandaa mikopo na akiba tangu siku ya kwanza hupungua nguvu siku mfadhili anapofunga mizigo.

Jambo hili latuhusu nini?

Mwezi wa Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaokusudia kwamba asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Mwezi ule ule, katika mkutano wa Paris, ziliahidiwa dola bilioni 2.2 kwa ajili ya jambo hili barani Afrika. Hapana shaka wageni watakuja kutugongea mlango wakiwa na majiko na mikataba. Yatupasa tuwe na jibu kabla hawajafika.

Tunazo sehemu tatu za kuanzia. Kuna madago yetu ya msimu, ambapo wachumaji hupikiwa kwa kuni juu ya mafiga. Kuna ukamuaji wa mafuta ya makonyo kwa moto wa kuni. Na kuna wanachama wenye ng'ombe wanaofungwa nyumbani, ambao samadi yao yaweza kupika chai na kurutubisha miche ya mikarafuu.

Tunawaomba wanachama wajadiliane matawini mwao maswali haya, na majibu yaletwe kwa maandishi katika mkutano mkuu ujao:

1. Katika sehemu hizo tatu, ipi tuanze nayo, na kwa nini?
2. Mwanachama atoe sehemu gani ya gharama, na asiye na uwezo asaidiwe vipi?
3. Nani atakayefundishwa ufundi katika kila tawi?
4. Fedha za mfadhili zikija, zishikwe na nani, na hesabu zisomwe mbele ya wanachama mara ngapi kwa mwaka?

Katika kujadiliana, wanawake wasiachwe nje ya baraza. Wao ndio wavutao moshi, na wao ndio watakaojua kama jiko jipya lafaa kwa chungu cha wali wa watu ishirini. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini vidole vingi visivyokubaliana navyo havimvunji.

Wa billahi tawfiq.

Katibu