Pikipiki Ikitetemeka: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Spea

Mtetemeko wa pikipiki huzoeleka haraka. Siku ya kwanza mwendeshaji hulalamika kwamba usukani unamfia ganzi mikononi. Baada ya wiki mbili hausikii tena. Hapo ndipo hatari inapoanzia. Mtetemeko hulegeza nati moja baada ya nyingine, hupasua welding ya fremu, na siku bolti ikitoka barabarani, anayeanguka si mwendeshaji peke yake bali na abiria wake. Kwenye barabara za Changamwe, ambako bodaboda hupita ubavuni mwa malori ya makontena, hakuna nafasi ya kuyumba hata kidogo.

Hasara nyingine ni ya mfukoni. Wengi hununua tairi jipya, kisha cheni, kisha shokamzoba, na pikipiki bado inatetemeka. Dawa ni kujua kwanza mtetemeko unatoka wapi.

Injini au gurudumu?

Pikipiki nyingi za bodaboda zina injini ya silinda moja ya cc 100 hadi 150. Injini ya aina hiyo haikosi kutetemeka kidogo, na huo si ugonjwa. Wa kuchunguzwa ni mtetemeko mpya, au ule unaozidi kila siku.

Kasi ya mtetemeko wenyewe ni dalili. Pikipiki ikienda kilomita 40 kwa saa, gurudumu huzunguka kama mara 6 kwa sekunde, ilhali injini huzunguka makumi ya mara katika muda huo huo. Kwa hiyo kasoro ya gurudumu husikika kama kudunda au kuyumba, na ya injini husikika kama mvumo wa nyuki unaotia ganzi vidole na nyayo.

Kuthibitisha, mwendeshaji afanye majaribio manne, akiwa amevaa helmeti, bila abiria, kwenye barabara iliyonyooka isiyo na magari:

1. Pikipiki isimame kwenye stendi kubwa bila gia, kisha aongeze mafuta taratibu. Ikitetemeka kupita kawaida, tatizo liko kwenye injini au bolti zinazoishikilia.

2. Aende kilomita 40 kwa saa, apunguze mafuta na kushika klachi ili pikipiki iteleze yenyewe. Mtetemeko ukiendelea, chanzo ni magurudumu au kichwa cha usukani. Ukisikika zaidi mikononi, aanze na gurudumu la mbele. Ukisikika zaidi kwenye kiti, aanze na la nyuma.

3. Aachilie klachi na kuongeza mafuta tena. Mtetemeko ukitokea pikipiki inapovuta tu, akague cheni na sproketi.

4. Afunge breki polepole. Usukani ukitikisika wakati wa breki tu, huenda ngoma au diski ya breki imepinda, au beringi za kichwa cha usukani zimelegea.

Kukagua magurudumu

Gurudumu liinuliwe lisiguse chini, kisha kalamu ishikwe karibu na rimu huku gurudumu likizungushwa kwa mkono. Rimu ikisogea zaidi ya milimita 2 hivi kwenda kando au juu na chini, imepinda au spoki zimelegea. Spoki zigongwe kidogo kwa spana: iliyokaza hulia kama kengele, iliyolegea hutoa sauti nzito. Zikazwe robo mzunguko kwa zamu, pande zote mbili. Kukaza upande mmoja tu huzidisha kupinda.

Tairi nalo likaguliwe kama lina uvimbe, na kama limekaa sawa kwenye rimu pande zote. Upepo upimwe asubuhi kabla ya kazi, tairi likiwa baridi.

Kisha gurudumu lishikwe kwa mikono miwili na kusukwasukwa kando kwa kando. Likicheza, beringi zimekwisha. Kwa usukani, shokamzoba za mbele zishikwe chini na kuvutwa mbele na nyuma. Mgongo unaosikika ni ishara ya kulegea. Usukani ukinasa katikati unapogeuzwa, beringi zimeingia mashimo na hazitibiwi kwa kukazwa.

Cheni, injini na fremu

Kwa pikipiki nyingi za kazi, cheni huhitaji ulegevu wa sentimita 2 hadi 3. Kipimo kamili kiko kwenye kitabu cha pikipiki. Ipimwe sehemu kadhaa gurudumu likizungushwa, kwa kuwa cheni iliyochakaa hubana pahali pamoja na kulegea pengine. Meno ya sproketi yakichongoka kama ndoana, cheni na sproketi zote mbili zibadilishwe pamoja. Cheni mpya kwenye meno mabovu haidumu.

Bolti za injini na za eksozi zikazwe injini ikiwa imepoa. Fremu isafishwe na kutazamwa kwenye maungio, hasa chini ya keria ya mizigo. Mstari mwembamba wa kutu juu ya rangi mara nyingi ni ufa.

Chumvi ya Pwani

Likoni, Kisauni na Changamwe zote ziko karibu na maji ya bahari. Hewa ya chumvi hula spoki, nati na cheni kuliko ilivyo bara, na mchanga wa barabara za ndani husaga cheni yenye grisi. Pikipiki ioshwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, bila kuelekeza maji ya nguvu kwenye beringi, ikaushwe, kisha cheni itiwe oili.

Wakati wa kusimama

Nati ya ekseli iliyolegea, fremu yenye ufa, spoki zilizokatika au gurudumu linalocheza: pikipiki yenye moja ya hizi isibebe abiria hadi fundi airekebishe. Mzigo pia huchangia, na Sheria ya Trafiki inaruhusu abiria mmoja tu.

Abiria naye ana haki ya kuuliza na kushuka akihisi pikipiki inayumba. Na mwendeshaji anayemwambia fundi, "Inatetemeka hata nikishika klachi," amekwisha kumpunguzia nusu ya kazi, na kujiepusha na spea asiyoihitaji.