Pedali ya Mafuta Sharti Irudi Yenyewe

Wakulima wa Londiani, wakati wa mvua pikapu inayobeba viazi na maziwa hujaa matope miguuni pa dereva. Matope yakikauka penye bawaba ya pedali ya mafuta, pedali yaweza kukwama, na motokaa ikaendelea kukimbia ingawa mguu umeondolewa. Hata mkeka waweza kuikamata: mwaka 2009 kampuni ya Toyota iliwaita wenye mamilioni ya magari huko Marekani kwa sababu hiyo. Nasi twajua msiba wa gari lililomshinda dereva, maana tarehe 30 Juni 2023 lori liliua watu zaidi ya 50 hapa njia panda ya Londiani. Hatusemi pedali ndiyo iliyokuwa chanzo. Twasema gari si kitu cha kubahatisha.

Ukitaka kuitoa pedali nyumbani uisafishe, fuata hatua hizi:

1. Simamisha gari mahali tambarare. Zima injini, toa ufunguo, tia gia, vuta breki ya mkono, na uweke mawe penye magurudumu.

2. Ondoa mkeka. Tazama vizuri jinsi springi na waya zilivyokaa, uchore katika karatasi.

3. Kama pedali huvuta waya wa chuma, legeza waya kwanza upande wa injini, kisha chomoa kichwa chake penye pedali. Usitumie nguvu. Ndipo ufungue nati.

4. Kama pedali ina nyaya za umeme, fungua kwanza waya wa hasi wa betri, kisha chomoa plagi yake. Usiifungue ndani, wala usiimwagie maji au mafuta.

5. Pangusa matope. Waya uliochakaa au springi iliyolegea haifai kufungwa kwa kamba, nunua mpya.

Baada ya kuirudisha, ikanyage kwa mkono mara kumi kabla ya kuwasha injini. Kila mara sharti irudi upesi, yenyewe. Kisha toa gia, acha breki ya mkono imevutwa, washa injini, wala mtu asisimame mbele ya gari. Isiporudi, zima, umwite fundi.

Na ikikwama njiani? Kanyaga breki kwa nguvu bila kuachia, toa gia, ondoka barabarani, kisha zima injini gari likiisha simama. Usichomoe ufunguo gari likienda, maana usukani waweza kujifunga.

Wafundishe hayo wote wanaoendesha gari lako.