Jumamosi: Mosi ya Nini?

Soma Mwanzo 2:1–3, Kutoka 20:8–11, Luka 23:54–24:1.

Mjini Tanga, Mwadventista mara nyingi huishi nyumba moja na ndugu Waislamu, na swali la kwanza analokutana nalo hapo huwa la hesabu. Mosi ni moja. Kama Jumamosi ndiyo siku ya kwanza, hiyo saba inatoka wapi? Anayeuliza hakosei kuhesabu: mosi, pili, tatu, nne, tano. Tena Biblia yenyewe yasema wanawake walikwenda kaburini siku ya kwanza ya juma, nayo ndiyo siku ambayo Kiswahili huiita Jumapili. Muumini mchanga anaweza kuyumba hapo.

Jibu limo ndani ya lugha yenyewe. Ijumaa ni neno lenye asili ya Kiarabu, lenye maana ya kukusanyika. Watu wa pwani walianzia hesabu kwenye siku hiyo ya swala ya pamoja, na iliyofuata wakaiita mosi. Walipofika tano, yaani Jumatano, hesabu ikakoma. Siku inayofuata ni Alhamisi, na Alhamisi kwa Kiarabu ni siku ya tano! Kiswahili kina tano mbili zinazofuatana, kwa sababu kimebeba hesabu mbili. Ile ya Kiarabu huanzia Jumapili, nayo Jumamosi haiiti kwa namba bali huiita sabt, neno lililo ndugu wa Sabato. Basi ikiwa Alhamisi ni ya tano, Ijumaa ni ya sita, na Jumamosi ni ya saba.

Luka anazipanga vipi siku tatu za kusulubiwa, kupumzika na kufufuka? Linganisha mpangilio wake na hesabu hiyo.

Kijana wa sekondari huleta swali jingine. Kwa Kiingereza siku hii ni Saturday, siku ya Saturn, mungu wa Warumi aliyepewa sayari ya Zohali. Je, Sabato ni ibada ya nyota?

Wanajimu wa kale walipanga mianga saba kuanzia ile iendayo polepole zaidi: Zohali, Mshtarii, Mirihi, Jua, Zuhura, Utaridi, Mwezi. Kila saa waliipa mtawala wake kwa zamu, na siku ikachukua jina la mtawala wa saa yake ya kwanza. Saa 24 ni mizunguko mitatu ya saba, na tatu zinabaki. Kwa hiyo anayeanza kwa Zohali huanza siku ya pili kwa Jua, na ya tatu kwa Mwezi. Orodha ya namna hiyo ilikutwa imechorwa ukutani Pompeii, mji uliofukiwa na volkano mwaka 79. Lakini Wayahudi walikuwa wakiitunza siku ya saba karne nyingi kabla ya hapo. Jina la Zohali lilibandikwa juu ya siku iliyokuwa na mwenyewe tayari.

Soma Mwanzo 1:14–18 na Kumbukumbu la Torati 4:19. Mianga ya mbinguni iliwekwa kwa kazi gani, na katazo linaanzia wapi?

Mvuvi wa Tanga hujua bamvua na maji mafu kwa kuutazama mwezi. Mwezi ukiandama, ameanza mwezi mpya. Lakini hakuna kitu majini wala angani kinachomwambia kwamba leo ni Jumanne. Wadigo wa pwani hiyohiyo walikuwa zamani na juma la siku nne, na jua na mwezi havikuwapinga. Juma la siku saba, katika Mwanzo 2, limesimama juu ya tendo la Mungu la kupumzika.

Jambo moja wazee wa pwani hawahitaji kufundishwa. Kwao siku huingia magharibi. Wakisema usiku wa Ijumaa, wanamaanisha Alhamisi kuamkia Ijumaa. Hivyo ndivyo inavyosomeka Walawi 23:32, na ndiyo maana Sabato hufunguliwa Ijumaa jua linapozama.

Kwa majadiliano: Ndugu yako Mwislamu akikuuliza maana ya mosi, utaanzia wapi: kwenye Alhamisi, kwenye Luka, au kwenye Mwanzo? Kwa nini?