Kitabu Mkononi, Macho Uani: Kumsomea Mtoto Kuhusu Viumbe wa Nyumbani

Mtoto wa gredi ya pili anayeishi Skuta anaweza kutaja kangaruu, pengwini na dubu mweupe wa barafuni bila kusita, kwa kuwa amewaona katika vitabu vya picha. Akiulizwa ni ndege gani anayetua kila asubuhi kwenye kamba ya kuanikia nguo, hujibu kwamba ni ndege tu. Kosa si lake. Vitabu vingi vya watoto kuhusu kuvumbua mazingira ya nyumbani vimeandikwa Uingereza na Marekani, na ua unaochorwa humo una theluji na miti inayopukutisha majani yote wakati wa baridi. Vitabu hivyo bado vina faida. Kinachohitajika ni mzazi au mlezi kujua namna ya kuvitumia, na kujua kwamba Kaunti ya Nyeri ina hadithi yake ya aina hiyo.

Kijito cha Ihithe

Profesa Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Tetu. Vitabu kadhaa vya picha vimeandikwa juu yake kwa ajili ya watoto, vikiwemo Wangari's Trees of Peace cha Jeanette Winter (2008) na Mama Miti cha Donna Jo Napoli (2010). Vitabu kama hivi huzungumzia zaidi miti na vuguvugu la Green Belt alilolianzisha mwaka 1977. Hata hivyo, kisa kinachomfaa zaidi mtoto mdogo ni kile alichokisimulia mwenyewe mjini Oslo, tarehe 10 Desemba 2004, alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani.

Alieleza kwamba alipokuwa mtoto alitumwa na mamake kuchota maji katika kijito kilichokuwa karibu na nyumbani. Maji yake yalinyweka papo hapo. Akicheza katikati ya majani ya nduma, aliona mayai ya chura yamejipanga kama ushanga, akataka kuyachukua. Kila alipopitisha vidole chini yake, yalikatika. Baadaye akaona viluwiluwi wengi weusi wakiogelea mahali hapo. Hakuna aliyempa kazi ya shule. Alikuwa na kijito, na muda wa kukiangalia.

Sehemu ya pili ya kisa hicho ndiyo nzito. Zaidi ya miaka 50 baadaye, kijito kilikuwa kimekauka, na akina mama walitembea mbali kutafuta maji ambayo si safi kila mara. Profesa Maathai aliweza kueleza ulimwengu kilichopotea, hadi mayai ya chura, kwa sababu alikuwa amekiona kwa macho yake akiwa mdogo. Mtoto ambaye hajawahi kuinama na kutazama mtaro ulio karibu na kwao hatajua siku vyura watakapoacha kulia.

Ukurasa mmoja, kisha nje

Njia rahisi ni kusoma ukurasa mmoja au miwili, kufunga kitabu na kutoka nje kutafuta kilichosomwa, au kitu cha jamii yake. Mfano mzuri ni The Very Hungry Caterpillar cha Eric Carle, kilichotoka mwaka 1969. Kiwavi wa kitabu hicho hula hata keki na soseji, jambo linalowafurahisha watoto sana. Kiwavi wa kweli yuko kwenye sukuma wiki. Mtoto amtafute upande wa chini wa jani lenye matundu, amweke ndani ya chupa ya plastiki angavu pamoja na jani, kisha mdomo wa chupa ufunikwe kwa kitambaa chepesi. Jani libadilishwe kila siku. Baada ya muda kiwavi ataacha kula na kujifungia. Kwa baridi ya Nyeri mwezi wa Julai, huenda ikachukua wiki mbili au zaidi kabla ya mdudu mwenye mabawa kutoka. Mara nyingi atakuwa nondo mdogo wa kijivu, wala si kipepeo wa rangi nyingi kama wa kitabuni. Mtoto aambiwe hivyo mapema asije akadhani amekosea.

Si kila familia ina shamba. Ploti nyingi za kupangisha zina ua wa saruji, na wazazi hudhani hakuna cha kuona humo. Lakini kuna ufa wa ukuta wenye buibui, chini ya tangi kuna unyevu na jongoo, na mkebe wa udongo ukimwagiliwa maji huota magugu ambayo hakuna aliyeyapanda. Baada ya mvua, matope ya njiani huwa ukurasa mwingine. Baden-Powell, aliyewafundisha vijana kusoma nyayo katika kitabu chake cha mwaka 1908, Scouting for Boys, aliishi miaka yake ya mwisho Nyeri katika nyumba ya Paxtu, akazikwa mjini humo mwaka 1941. Mtoto wa Skuta anaweza kuanza somo hilo hilo kwa kutofautisha nyayo za paka, mbwa na kuku. Akibahatika, ataona pia za kwarara, yule ndege mkubwa wa kelele za alfajiri, anayechoma udongo kwa mdomo mrefu akitafuta nyungunyungu.

Suala la kinyonga

Kinyonga anahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa wengi humpiga mawe. Hadithi ya kale ya Wagikuyu humlaumu kwa kuchelewesha ujumbe uliotumwa kwa binadamu, na hofu hiyo imerithiwa hata na watoto ambao hawajawahi kuisikia hadithi yenyewe. Ukweli ni kwamba kinyonga hana sumu. Huzungusha kila jicho kivyake, na ulimi wake ni mrefu kuliko mwili. Dume la aina moja inayopatikana maeneo ya Mlima Kenya lina pembe tatu usoni, na jike la aina hiyo hutotoa watoto walio hai badala ya kutaga. Chakula chake ni nzi na wadudu wengine. Akionekana kwenye ua wa miti, mzazi asimame pamoja na mtoto kwa utulivu na kumtazama bila kumshika. Hadithi ya zamani isimuliwe vilevile, kisha mtoto aachwe aone mwenyewe.

Mipaka ichache iwekwe. Siafu na nyuki watazamwe kwa mbali. Mtoto asionje jani wala tunda asilolijua, na hasa yale maua makubwa yenye umbo la tarumbeta yanayoota kwenye nyua nyingi, kwani yana sumu. Mtoni aende na mtu mzima.

Pa kupata vitabu

Mbali na maktaba, mradi wa African Storybook hutoa hadithi za watoto bila malipo kwenye intaneti, kwa Kiswahili na lugha nyingine, nazo husomeka kwenye simu. Chama cha Wildlife Clubs of Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1968, kimekuwa kikichapisha jarida la watoto liitwalo Komba.

Kuna pia kitabu ambacho familia inaweza kukitengeneza yenyewe. Daftari moja la kurasa 32 latosha. Kila ukurasa uwe na mchoro wa mtoto, tarehe, mahali kiumbe alipoonekana na jina lake. Jina likikosekana, cucu au guka aulizwe. Wazee wengi wanajua majina ya Kigikuyu ya ndege na mimea ambayo watoto hawajawahi kuyasikia, na mara nyingi kila jina lina maelezo yake.

Zoezi la kuanzia: Jumamosi kabla ya saa mbili asubuhi, mtoto ahesabu ni aina ngapi za ndege zinazotua kwenye kamba ya nguo au paa la mabati, na achore mmoja. Hesabu hiyo irudiwe baada ya wiki ya kwanza ya mvua, kwenye ukurasa wa pili.