Vitaa vya Ngome ya Mtandao: Vinachosema na Visichosema

Katika chumba cha kompyuta cha shule, aghalabu juu ya kabati au katika rafu iliyopigiliwa ukutani, huwapo kisanduku cha bati chenye matundu ya mraba na safu ya vitaa vidogo. Pale kilipowekwa kwa ajili ya ulinzi, kisanduku hicho huitwa ngome ya mtandao. Kazi yake ni kusimama kati ya kompyuta za shule na intaneti, na kuchunguza kila pakiti ya data ipitayo: itokako, iendako, na kama kanuni zinairuhusu. Vitaa vikiwaka kijani, watu hutulia. Utulivu huo hauna msingi wakati wote, kwa sababu liko kosa moja la kuunganisha kebo ambalo huiacha shule nzima bila mlinzi, ilhali vitaa vinaendelea kuwaka.

Haja ya ngome ilidhihirika tarehe 2 Novemba 1988. Siku hiyo programu iliyoandikwa na Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, ilianza kujinakili yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Makadirio ya wakati huo yalitaja kompyuta zipatazo 6,000 zilizoathirika. Katika Afrika Mashariki mawasiliano ya intaneti na ng'ambo yalitegemea sana satelaiti hadi kebo ya baharini ya SEACOM ilipoanza kazi Julai 2009. Njia iliyopanuka kwa wanafunzi ilipanuka pia kwa wavamizi.

Matundu na kazi zake

Kabla ya kuchomeka kebo yoyote, mwalimu au fundi hana budi kusoma maandishi yaliyo juu ya matundu, kwa kuwa kwa umbo matundu mengi hufanana kabisa. Tundu lililoandikwa WAN ni lango la nje. Hupokea kebo itokayo katika kifaa cha kampuni ya simu. Matundu yaliyoandikwa LAN ni ya ndani. Moja wapo huunganishwa na swichi, na swichi hiyo ndiyo igawayo mtandao kwa kompyuta za darasani.

Tundu la tatu, DMZ, huwatatiza wengi, lakini aijuaye nyumba ya Kiswahili hatapata taabu kulielewa. Mgeni asiyekuwa wa familia hukaribishwa barazani. Hupewa kiti na kahawa, na shughuli yake humalizika pale pale pasipo yeye kuvuka kizingiti. Kadhalika seva ambayo watu wa nje wanaruhusiwa kuitembelea, mathalani ile yenye kurasa za matangazo ya shule, huwekwa katika tundu la DMZ. Hata mvamizi akiiteka seva hiyo, bado yuko barazani. Seva yenye alama za wanafunzi hukaa ndani.

Lipo pia tundu la CONSOLE, litumiwalo na fundi kuipa ngome maagizo kwa kompyuta moja iliyo karibu. Katika visanduku vingi tundu hili huingia plagi ile ile ya kebo ya mtandao, lakini lugha ya umeme itumikayo humo ni nyingine. Anayechomeka kebo ya swichi humo hatapata mawasiliano, na huenda akailaumu kebo nzima bure. Baadhi ya ngome kubwa zina matundu ya nyuzi za kioo. Hayo yasichunguliwe kwa jicho hata kidogo: mwanga wake, ambao aghalabu una urefu wa wimbi wa nanomita 850 au 1,310, hauonekani na mwanadamu, na kutoonekana kwake si dalili kwamba haupo.

Lugha ya vitaa

Kila kitaa ni diodi itoayo mwanga. Kitaa cha kijani cha aina ya kawaida huhitaji volti zipatazo 2 na mkondo mdogo, tuseme miliampia 10. Endapo saketi ina volti 3.3, volti 1.3 zinazobaki huangukia kwenye rezista, na kwa kanuni ya Ohm rezista hiyo itakuwa ya omu 130. Hadi hapo ni fizikia ya kidato cha tatu. Jambo la kuuliza ni hili: nani hukiamuru kitaa kiwake?

Kitaa cha umeme huamriwa na kuwapo kwa umeme, basi. Kitaa cha hali ya mashine huamriwa na programu iliyomo. Aghalabu humetameta mashine inapoamka na kutulia inapokuwa tayari. Katika dakika hizo za kuamka mashine isizimwe, hasa ikiwa inaandika programu mpya katika kumbukumbu yake.

Kitaa cha kiungo, kilicho kando ya kila tundu, kina habari zaidi. Katika mitandao ya awali ya megabiti 10 kwa sekunde, kila upande ulituma mpigo mfupi wa umeme kila baada ya milisekunde 16 hivi, hata pasipo ujumbe wowote wa kutuma, mithili ya mlinzi wa usiku anayekohoa ili mwenzake ajue yu macho. Upande wa pili ukiusikia mpigo huo, kitaa chake huwaka. Mitandao ya kasi zaidi ina ishara za namna nyingine, lakini maana haijabadilika: kitaa cha kiungo kinasema kwamba mwisho wa kebo upo mwenzi aliye hai. Hakisemi mwenzi huyo ni nani.

Kitaa cha mwendo wa data humetameta pakiti zinapopita, na hapa wengi hudhani kwamba kila mmeto ni pakiti moja. Sivyo. Pakiti ya baiti 1,500 ina biti 12,000. Katika kiungo cha gigabiti 1 kwa sekunde hupita kwa mikrosekunde 12, yaani sehemu 12 za milioni moja za sekunde. Jicho haliwezi kuuona mmeto wa muda huo. Kwa hiyo saketi huurefusha makusudi hadi milisekunde kadhaa, na pakiti nyingi hufichwa ndani ya mmeto mmoja. Urefushaji huo una faida nyingine. Mwaka 2002 Joe Loughry na David Umphress walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba katika baadhi ya vifaa vya mawasiliano, zikiwamo modemu, kitaa kilifuata data biti kwa biti, na mwanga wake uliweza kupokewa kutoka mbali na kusomwa. Kitaa kilichorefushiwa mmeto hakiwezi kutoa siri ya namna hiyo.

Kitaa cha kasi husaidia kugundua kebo mbovu. Kasi ya megabiti 100 hutumia jozi 2 za nyaya. Gigabiti 1 huhitaji jozi zote 4. Jozi moja ya zile za ziada ikikatika, vifaa vingi hushuka hadi megabiti 100 na kuendelea na kazi, na rangi ya kitaa hubadilika. Rangi zenyewe hazina sheria moja: kwa mtengenezaji huyu rangi ya machungwa ni kasi ndogo, kwa yule ni hitilafu. Kijitabu kilichokuja na kisanduku kihifadhiwe.

Kosa lisiloonekana

Msomaji achukulie kwamba umeme umekatika usiku, na asubuhi darasa halipati intaneti. Mtu mwenye nia njema anachomoa kebo ya kampuni ya simu kutoka tundu la WAN na kuichomeka katika tundu la LAN lililo wazi. Intaneti inarudi. Anapongezwa.

Kilichotokea ni hiki. Katika ngome nyingi ndogo matundu ya LAN yameunganishwa ndani kwa swichi, na pakiti ziendazo kutoka tundu moja hadi jingine hazipiti kwa mchunguzi. Kifaa cha kampuni ya simu nacho aghalabu hugawa anwani. Kompyuta huomba anwani, hujibiwa na kifaa hicho, na kuanzia hapo hupitia kwake moja kwa moja. Kifaa hicho kinaweza kuwa na kinga yake hafifu, lakini kanuni zote ambazo shule iliziandika katika ngome hazitumiki tena. Dalili pekee ni kitaa kimoja cha WAN kilichozimika kati ya vingi vinavyowaka. Iwapo kebo ya WAN iliachwa mahali pake, na kebo ya pili ikapitishwa kutoka kifaa cha kampuni ya simu hadi swichi, hata dalili hiyo haipo.

Njia ya kulifichua kosa hili ni rahisi. Wakati ambapo hakuna kazi muhimu, kebo ya WAN ichomolewe kwa dakika moja. Kila kompyuta ya shule inapaswa kupoteza intaneti. Ile inayoendelea kusoma kurasa mpya ina njia ya panya, iwe ni kebo ya pembeni au simu ya mkononi iliyounganishwa nayo, na njia hiyo ifuatwe kwa mkono, kebo kwa kebo, hadi ionekane. Ni afadhali kuchomoa kebo kuliko kuizima ngome yenyewe, kwa kuwa baadhi ya ngome kubwa zina rilei ambazo umeme ukikatika huunganisha matundu mawili moja kwa moja ili kazi isisimame.

Maswali

1. Kitaa cha volti 2 kinahitaji miliampia 15 kutoka saketi ya volti 5. Tafuta ukinzani wa rezista.

2. Pakiti ya baiti 1,500 huchukua muda gani katika kiungo cha megabiti 100 kwa sekunde?

3. Chora mchoro wa kebo zote za chumba cha kompyuta cha shule yako, kutoka kifaa cha kampuni ya simu hadi kompyuta ya mwisho. Je, iko njia yoyote isiyopita katika ngome?