Kuunda Bao Katika Kompyuta

Wenzangu wengi wameniuliza jinsi nilivyoutengeneza mchezo wangu wa kwanza wa kompyuta bila msaidizi. Nataka kueleza, ili atakayejaribu asipotee nilipopotea mimi.

Nilichagua bao, nikidhani kwamba kwa kuwa nalijua, kazi itakuwa nyepesi. Kumbe kompyuta haijui lolote ila uliloiambia. Kila mchezaji ana mashimo 16, yaani safu mbili za mashimo 8. Niliyapa nambari 1 hadi 16, nikaiamuru kompyuta itie kete moja moja kwenda mbele. Ikifika 16 ilitafuta shimo la 17, ambalo halipo, na kete zikapotea! Siku tatu sikuliona kosa. Mwishowe niliandika amri fupi ya kuhesabu kete zote baada ya kila zamu, za ubaoni na za mkononi. Jumla isipokuwa 64, programu isimame na kulitaja shimo. Kosa likajitokeza papo hapo. Sasa baada ya 16 hurudi 1. Hesabu hiyo ilifaa niiandike siku ya kwanza.

Likizo ilipofika nikampa babu acheze, naye bao amelicheza tangu utoto wake. Alitazama kidogo, akasema, "Mjukuu wangu, hapa sioni mchezo, naona wizi." Kete zilikwenda kwa kasi hata jicho lisiweze kuzifuata. Nikatia kituo cha theluthi ya sekunde kwa kila kete. Nilikuwa nimekusudia kuongeza rangi na muziki, nikaviacha.

Sheria za kutakata na za nyumba bado hazijakamilika, na babu hunidai kila nifikapo nyumbani.